Kuwa Mhandisi wa Kinu cha Nyuklia Ukianzia Nairobi: Mwongozo Kamili

Kenya haina kinu cha nyuklia hata kimoja, si cha umeme wala cha utafiti. Kama umekulia Kayole, Kangemi au Rongai na unataka kufanya kazi hii, hilo ndilo jambo la kwanza kulikubali, kwa sababu ndilo linaloamua mpangilio wa hatua zote zinazofuata. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu taaluma hii hupanga maisha yao kwa kufuata tarehe ambayo serikali imetangaza kuwasha mtambo wa kwanza. Tarehe hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, na sasa inatajwa katikati ya miaka ya 2030. Ushauri wangu ni mmoja, na mwongozo wote umeegemea juu yake: jijenge kwanza kuwa mhandisi wa kawaida aliye imara hapa nyumbani, kisha nenda ukajifunze mahali ambapo kinu kinawaka kweli. Kenya ikijenga, utakuwa miongoni mwa wachache waliokwisha kusimama kando ya kinu. Ikichelewa, bado una kazi.

Kwanza ielewe kazi yenyewe

Ndani ya mtambo wa nyuklia kuna watu wa aina nyingi. Mwendeshaji hukaa kwenye chumba cha udhibiti kwa zamu na lazima awe na leseni. Mtaalamu wa kinga ya mionzi hupima na kulinda wafanyakazi. Wahandisi wa mitambo na umeme hutunza pampu, vali, turbaini na jenereta. Mhandisi wa kinu anashughulika na moyo wa kinu: fueli ipi ikae wapi, imetumika kiasi gani, nguvu inatoka zaidi upande upi, na boroni iliyo majini, kemikali inayomeza nyutroni, ipunguzwe lini. Katika mitambo mingi kinu huzimwa kila baada ya miezi 18 hivi, karibu theluthi ya fueli hutolewa, mpya huingizwa, na iliyobaki hupangwa upya. Mpango huo ni wake, na huanza kuuandaa miezi mingi kabla.

Ili uione kazi kwa karibu, chukua siku ya kuwasha kinu baada ya kubadilisha fueli. Fito za udhibiti, zinazomeza nyutroni na kuzuia mipasuko, ziko chini ndani ya kinu, na maji nayo yana boroni nyingi. Vipimo vilivyo nje ya chombo cha kinu vinahesabu, tuseme, nyutroni 20 kwa sekunde. Waendeshaji wanapandisha fito kidogo, kisha wanasimama. Unasubiri hesabu itulie: 40. Unagawanya 20 kwa 40, unapata 0.5, unaweka nukta kwenye grafu mkabala na urefu ambao fito zimefikia. Wanapandisha tena, hesabu inatulia kwenye 80, na uwiano sasa ni 0.25. Unapitisha mstari kwenye nukta hizo na kuurefusha mpaka uguse sifuri. Hapo ndipo grafu inapokutabiria kwamba kinu kitafika kritikali, yaani kila mpasuko wa kiini utazaa mwingine mmoja kamili na mwendelezo utajitegemea. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kinu kinachofanya kazi.

Kadiri unavyokaribia, hesabu huchukua muda mrefu zaidi kutulia. Mwenye pupa atasoma namba kabla haijatulia, na utabiri wake utamwonyesha kwamba kritikali iko mbali kuliko ilivyo. Ndiyo maana desturi ya kazi ni kusogea kwa hatua ndogo na kuchora upya kila mara. Ikiwa mstari unaelekea mahali pasipolingana na hesabu ulizoandaa kabla ya siku hiyo, unasema kazi isimame, na isimame kweli, hata kama meneja anakuhimiza na kila saa ya kuchelewa ni umeme usiouzwa. Mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walitumia mbinu hiyo hiyo walipowasha kinu cha kwanza duniani kule Chicago tarehe 2 Desemba 1942, na hadi leo hakuna aliyeiona imepitwa na wakati.

Kuna jambo la pili ambalo nataka ulielewe kabla hujalipa karo yoyote: kinu hakizimiki kama unavyozima jiko la gesi. Fito zikishuka, mipasuko karibu yote hukoma ndani ya sekunde chache, lakini mabaki ya viini vilivyopasuka huendelea kutoa joto. Mtambo wa umeme wa megawati 1,000 hutengeneza joto la karibu megawati 3,000. Mara tu unapozimwa, bado unatoa asilimia 6 hadi 7 ya joto hilo, yaani karibu megawati 200. Saa moja baadaye ni zaidi ya megawati 40, ambazo ndizo uwezo wote wa umeme wa stesheni ya Masinga kwenye Mto Tana. Kesho yake bado ni karibu megawati 15. Joto hilo lisipoondolewa, fueli huyeyuka. Tarehe 11 Machi 2011 vinu vilivyokuwa vikifanya kazi Fukushima, Japani, vilijizima vyema tetemeko lilipopiga. Tsunami ndiyo iliyozamisha jenereta za dizeli zilizotakiwa kuendesha pampu za kupoza, na maafa yakatoka hapo. Ukiona hesabu hii inakusisimua na kukutia hofu ya heshima kwa wakati mmoja, umechagua kazi inayokufaa.

Hatua ya 1: Masomo ya sekondari

Hapa sitakaa sana. Hisabati, fizikia na kemia hazina mbadala. Aliye kwenye mfumo wa KCSE anahitaji alama nzuri katika hayo matatu, na ajue kwamba C+ ni mlango wa chuo kikuu tu, maana nafasi za uhandisi huwaniwa na walio juu ya hapo. Aliye kwenye mtaala wa umilisi achague mkondo wa STEM anapoingia sekondari ya juu. Kama fizikia inakusumbua, anza na mada ya joto na mada ya mawimbi, kwa sababu hizo ndizo zitakazokufuata maisha yako yote.

Hatua ya 2: Shahada ya kwanza, na kwa nini isiwe ya nyuklia

Nakushauri usome uhandisi wa mitambo au wa umeme kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT kule Juja wana kozi hizo, na ni za miaka mitano. Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni ya kisheria. Nchini Kenya huwezi kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK, chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na bodi hiyo husajili waliosoma kozi inazozitambua. Kijana akipata nafasi nje ya nchi ya kusoma nyuklia moja kwa moja baada ya kidato cha nne, hushangilia, familia huchinja mbuzi, na hakuna anayeuliza kama digrii hiyo itakubaliwa akirudi. Uliza kabla ya mbuzi kuchinjwa. Iandikie EBK, ambatisha orodha ya masomo ya kozi hiyo, na usubiri jibu la maandishi. Pia digrii ya nje hupelekwa kwenye Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, na hilo nalo lina ada na muda wake.

Ya pili ni ya mfuko. Mhandisi wa mitambo anapata kazi Olkaria, viwandani Industrial Area, au kwenye kampuni za ujenzi. Mwenye shahada ya nyuklia pekee, katika nchi isiyo na kinu, atahangaika.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: kinu, ukiondoa fizikia ya moyo wake, ni maji, presha na joto. Aina iliyoenea zaidi duniani hupitisha maji kwenye fueli kwa presha ya karibu mara 155 ya hewa tunayovuta, ili yatoke yakiwa na nyuzi 325 hivi bila kugeuka mvuke. Fueli imefungwa ndani ya mirija myembamba ya aloi ya zirkoni. Ikitokea utando wa mvuke ukafunika mrija badala ya maji, joto haliondoki tena vizuri na mrija hupanda joto haraka. Zirkoni ikifika karibu nyuzi 1,200, hushikana na mvuke kwa kasi kubwa na kutoa hidrojeni, na ni hidrojeni ya namna hiyo iliyolipua majengo ya Fukushima. Mambo haya yote utayakuta kwenye masomo ya thamodinamiki, uhamishaji wa joto, mekanika ya vimiminika na sayansi ya vifaa, yale yale yanayofundishwa mwaka wa pili na wa tatu hapa Nairobi. Mwanafunzi anayeyapita kwa kukariri karatasi za mitihani ya zamani anajinyima msingi.

Kwenye mradi wa mwaka wa mwisho chagua kitu chenye mchemko, mvuke au udhibiti. Si lazima neno nyuklia liwemo. Maprofesa wa nje watasoma kile ulichopima na jinsi ulivyoshughulikia makosa ya vipimo.

Hatua ya 3: Miaka ya kwanza kazini

Ukihitimu, jisajili EBK kama mhandisi mhitimu mara moja, usingoje. Usajili kamili wa kitaaluma unadai uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu, na miaka hiyo huanza kuwa na maana pale unapoiwekea kumbukumbu. Weka daftari la kazi tangu siku ya kwanza.

Tafuta kazi mahali penye mvuke. Mitambo ya jotoardhi ya Olkaria ndiyo shule bora tuliyo nayo nchini kwa mtu wa njia hii: kuna turbaini, vipozeo, kuzima mtambo kwa matengenezo na kuuwasha tena, na utaratibu wa kufunga kufuli kwenye swichi kabla mtu hajaingiza mkono. Ukikosa nafasi huko, boila kubwa ya kiwandani nayo ina mengi ya kukufundisha.

Ukiwa huko, jizoeze nidhamu ya maneno ambayo mitambo ya nyuklia huitumia kila siku:

"Otieno, funga vali namba saba."
"Nafunga vali namba saba."
"Sawa, vali namba saba."

Anayepewa amri huirudia, aliyeitoa huithibitisha, ndipo mkono uguse chuma. Wenzako watakuona unachelewesha kazi. Endelea tu. Mwaka 1979 kule Three Mile Island nchini Marekani vali moja ilibaki wazi baada ya kutakiwa kujifunga, taa kwenye paneli ikaonyesha tu kwamba amri ya kufunga ilikuwa imetumwa, na waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Sehemu kubwa ya fueli ikayeyuka. Tangu hapo kutofautisha kati ya kilichoamriwa na kilichotendeka ni jambo la uhai katika kazi hii.

Kwa wanaotaka kubaki karibu na mionzi wakiwa hapa jijini, kuna milango mingine. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hukagua vyanzo vya mionzi hospitalini, viwandani na kwenye barabara zinazojengwa. Wakala wa Nishati ya Nyuklia, NuPEA, wenye ofisi South C, ndio unaoandaa mpango wa kinu cha kwanza. Hospitali zenye tiba ya mionzi huhitaji wanafizikia wa tiba. Huko kote utajifunza kupima, kujikinga na kuandika ripoti, na mambo hayo utayabeba popote uendako.

Hatua ya 4: Jenga kinu kwenye kompyuta yako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kibali cha mtu wala nauli. Inahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti ya kupakua gigabaiti kadhaa, na jioni zako.

Pakua OpenMC. Ni programu huria isiyolipiwa, iliyoanzia chuo cha MIT, inayofuatilia nyutroni mojamoja kwa kubahatisha mienendo yao kulingana na takwimu halisi za viini. Hufanya kazi vizuri kwenye Linux, na unaiandikia maagizo kwa Python. Programu nyingine maarufu, kama MCNP ya Los Alamos, hutolewa kwa leseni na masharti, kwa hiyo anza na hii.

Tengeneza ufito mmoja wa fueli. Weka kipande cha oksidi ya urani chenye nusu kipenyo cha sentimita 0.41, urani-235 ikiwa asilimia 3. Zungushia mrija wa zirkoni unaoishia sentimita 0.475. Weka ufito huo katikati ya mraba wa maji wenye upande wa sentimita 1.26, kisha ziambie kuta za mraba zirudishe kila nyutroni inayozigonga, kana kwamba fito zinaendelea bila mwisho. Endesha. Programu itakupa namba moja, k, inayoeleza kila kizazi cha nyutroni kinazaa kizazi kikubwa kiasi gani. Kwa maji safi yasiyo na boroni utapata namba iliyozidi 1.3. Ukipata 0.4 au 2.7, kuna kosa kwenye maelezo yako. Litafute mpaka ulipate, maana kulitafuta ndiko kujifunza kwenyewe.

Kisha anza kuuchezea ufito. Ongeza boroni majini, sehemu 1,000 kwa milioni, uone k ikishuka. Pandisha joto la fueli kutoka nyuzi za chumba hadi mia kadhaa bila kugusa kingine chochote. K itashuka kidogo, kwa sababu urani-238 ikipata joto humeza nyutroni nyingi zaidi. Hiyo ni breki ya asili inayofanya kazi hata kama kila mtu kwenye chumba cha udhibiti amelala. Punguza uzito wa maji, kana kwamba yanachemka, na k itashuka tena. Kinu cha Chernobyl kilikuwa kinyume: maji yalipogeuka mvuke, nguvu ilipanda badala ya kushuka, na usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 tabia hiyo ilikuwa sehemu ya chanzo cha mlipuko. Halafu rudia jaribio la kupunguza uzito wa maji ukiwa umetia boroni nyingi kupita kiasi. Kuna kiwango ambapo alama inageuka, na kupungua kwa maji kunapandisha k. Kipate mwenyewe. Mitambo halisi huwekewa mipaka ya boroni kwa sababu hiyo hiyo.

Ukishamaliza ufito, jenga kifurushi kizima cha 17 kwa 17: fito 264 za fueli na mirija 25 ya fito za udhibiti na vipimo. Weka kazi hiyo hadharani kwenye mtandao pamoja na maelezo. Mwombaji wa uzamili mwenye kazi kama hiyo husomwa tofauti na mwenye vyeti vitupu.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1965, lina pia viigizo vya mitambo vya kompyuta kwa ajili ya mafunzo. Muulize mhadhiri wako au NuPEA jinsi ya kuviomba. Kwenye kiigizo utaona kitu ambacho OpenMC haikuonyeshi: muda. Karibu nyutroni zote huzaliwa papo hapo mpasuko unapotokea, lakini kwa urani-235 asilimia 0.65 hivi huchelewa, kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika. Hizo chache zilizochelewa ndizo zinazompa binadamu na mashine nafasi ya kukidhibiti kinu. Utamwona pia zenoni-135, mmezaji wa nyutroni ambaye huongezeka kwa saa kadhaa baada ya kinu kuzimwa na anaweza kukuzuia kuwasha tena mapema.

Hatua ya 5: Uzamili mahali penye kinu

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia, iliyofunzia watu upimaji wa mionzi kwa miongo kadhaa. Ni mahali pazuri kwa mtu wa maabara au wa usimamizi. Anayetaka moyo wa kinu lazima aende mbele zaidi.

Hapa barani kuna Ghana. Kwabenya, pembeni mwa Accra, kuna kinu kidogo cha utafiti cha kilowati 34, GHARR-1, kinachofanya kazi tangu mwishoni mwa 1994, na shule ya sayansi za nyuklia ya Chuo Kikuu cha Ghana iko pale pale. Kilowati 34 ni kidogo, lakini mwanafunzi huko anapandisha ufito wa udhibiti na kuona mshale ukisogea.

Korea Kusini kuna KINGS, chuo cha uzamili kilichofunguliwa 2012 jirani na mitambo ya Kori. Hufundisha kwa Kiingereza, na Wakenya wamesoma huko. Kinalenga uendeshaji na usimamizi wa miradi ya vinu vya Kikorea vya aina ya APR1400, kwa hiyo kinamfaa mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka michache kuliko aliyetoka darasani jana. Urusi ina vyuo kama MEPhI mjini Moscow na Tomsk Polytechnic, vyenye vinu vyao vya utafiti, na serikali yao hutoa ufadhili. Tarajia mwaka mzima wa kujifunza Kirusi kwanza ikiwa kozi yako haifundishwi kwa Kiingereza. Marekani vyuo kama MIT, Penn State, Texas A&M na North Carolina State vina vinu, na njia ya kawaida ya kumudu gharama ni kumpata profesa atakayekulipa kama msaidizi wa utafiti.

Wanawake wana mlango wao ambao nasikitika kuona wengi hawaujui: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa IAEA, ulioanzishwa 2020 kwa wanawake wanaosoma uzamili wa fani za nyuklia. Hutoa hadi yuro 20,000 kwa mwaka, nusu karo na nusu matumizi, na baadaye husaidia kupata mafunzo ya kazini. Unaomba ukiwa tayari umekubaliwa au umeomba nafasi chuoni, kwa hiyo shughulikia chuo kwanza.

Barua ya maombi iwe na mambo mawili tu: ulichokwisha kukifanya, na swali mahususi unalotaka kulifuata. Sentensi kama "tangu utotoni nimependa sayansi" ifute. Andika badala yake kwamba ulipopandisha joto la fueli k ilishuka kwa kiasi fulani, ukalinganisha na hesabu ya mkono, na tofauti ilitokana na kitu fulani. Kwa barua za mapendekezo, mwendee mhadhiri wako wiki sita kabla ya siku ya mwisho, umpelekee nakala ya mradi wako na orodha ya mambo anayoweza kuyataja. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kukumbuka ulichokifanya maabara mwaka wa tatu.

Hatua ya 6: Karatasi na tabia

Sekta hii huchunguza watu. Cheti cha tabia njema kutoka DCI unakiomba kupitia eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre ya GPO. Anza mapema, kwa sababu ukikitafuta wiki ya viza utalala macho wazi. Hakikisha majina yako yanalingana herufi kwa herufi kwenye kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. "Wanjiku" mahali pamoja na "Wanjikũ" kwingine, au jina la tatu lililorukwa, huchelewesha watu miezi.

Mitambo ya nyuklia hupima pombe na dawa za kulevya. Marekani uchunguzi hugusa hata historia ya mikopo, kwa hoja kwamba mtu aliyebanwa na madeni ni rahisi kuhongwa. Mikopo ya simu uliyoisahau, ilipe na upate uthibitisho.

Hatua ya 7: Kazi iko wapi

Mtambo pekee wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi barani Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town, wenye vinu viwili vilivyoanza 1984 na 1985. Misri inajenga vinu vinne El Dabaa, ujenzi ukiwa ulianza Julai 2022. Falme za Kiarabu zina Barakah, vinu vinne vya APR1400 vilivyoingia kazini kati ya 2020 na 2024, na huko wageni wengi wameajiriwa. Ndiyo maana mtu wa KINGS hujikuta ameandaliwa kwa mtambo ulio saa chache za ndege kutoka JKIA.

Kuhusu Kenya, jifunze kuisoma gridi. Kilele cha matumizi yetu kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Kanuni inayotumika na wapangaji ni kwamba mtambo mmoja usizidi karibu asilimia 10 ya mfumo, ili ukizimika ghafla nchi nzima isiingie giza. Kwa kanuni hiyo kinu cha megawati 1,000 ni kikubwa mno kwa gridi yetu ya sasa, na vinu vidogo au gridi iliyounganishwa na majirani ndivyo vinavyozungumzwa kwa uzito. Ukihojiwa kwa kazi hapa Nairobi na usilijue hili, mahojiano yameisha.

Hatua ya 8: Jiandae kuulizwa

Swali la kwanza litatoka nyumbani. "Mwanangu, hiyo kazi haitakuharibia uzazi?" Usicheke, na usimjibu mama kwa istilahi. Mwambie kwamba kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini na angani, wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani, milisiveti ikiwa kipimo cha mionzi inayoupata mwili. Kwamba mfanyakazi wa nyuklia huvaa kipimo kinachosomwa mara kwa mara. Na kwamba kikomo chake ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, huku mitambo ikitakiwa kukaa chini zaidi ya hapo kadiri inavyowezekana. Mfanyakazi akipata ujauzito na kutoa taarifa, kikomo cha mtoto aliye tumboni ni milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki, na kazi zake hupangwa upya.

Swali la pili litatoka kwa wananchi, na hili naliona zito kuliko mtihani wowote. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo kujengwa kwao, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya. Kuwaita watu hao wajinga ni kosa la kitaaluma na la kiutu. Wanaishi kwa Mida Creek, kwa samaki, kwa mikoko na kwa wageni wa Watamu. Mtambo wa megawati 1,000 unatupa nje karibu megawati 2,000 za joto lisilogeuka umeme. Ukilipeleka baharini na kuruhusu maji yapande nyuzi 10, unahitaji kupitisha karibu mita za ujazo 50 kila sekunde, usiku na mchana. Mvuvi anayeuliza maji hayo yatafanya nini kwa mayai ya samaki ameuliza swali la uhandisi. Nenda kwake ukiwa na ramani ya mikondo, urefu wa bomba la kutolea maji, na kiwango cha joto kinachotarajiwa kila umbali kutoka ufukweni, kwa Kiswahili anachokitumia sokoni. Kama hesabu hiyo haijafanywa, mwambie haijafanywa, rudi ofisini uifanye, kisha urudi kwake na majibu.